Siku Nilipowaandalia Wageni Samaki Wasiofika Mstari

Kuna watu ishirini na wawili hapa duniani walioniona nimesimama katikati ya ukumbi, pasipoti ya mama wa watu mkononi na rula zimetapakaa miguuni, na kwa bahati yangu hakuna hata mmoja wao wa kupuuzwa: ni wenyeviti wa wavuvi, maafisa wa serikali, wanawake wazito wa biashara ya samaki, bosi wangu, na mpiga picha (ambaye namshukuru Mungu hakupiga). Aibu hii nimekaa nayo miezi miwili na nimeona heri niisimulie mwenyewe, kwa sababu Anti Nekesa ameshaanza kuisimulia kanisani, na katika masimulizi yake mimi ni mjinga kuliko nilivyokuwa. Kidogo tu, lakini ni kuliko.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa namna gani. Bosi akinijibu "sawa" kwenye simu, nakaa nusu saa nikijiuliza kama ni sawa ya kuridhika au sawa ya kunichoka. Mwaka jana nilimaliza chuo, shahada ya mambo ya mazingira, na naishi Marekani, mji wa Laurel, kwa Anti Nekesa, dada ya baba, ambaye siku za kazi anatunza wazee na Jumapili ndiye anayetawala jiko la kanisa letu la Wakenya. Kila asubuhi nilikuwa napanda treni kwenda Washington, ambako nilipata kazi ya muda katika shirika dogo linalosaidia nchi zinazovua kwenye maji mamoja zikubaliane namna ya kuvua bila kumaliza samaki. Maneno makubwa hayo. Kazi yangu mimi ilikuwa kuandika vitambulisho vya wageni, kupanga chupa za maji mezani na kuagiza chakula.

Sasa, kibali changu cha kubaki hapa baada ya chuo kinataka niwe na mwajiri, na mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi ule. Bila barua ya kuuongeza, ningekuwa nafungasha. Barua hiyo ilikuwa mikononi mwa Bi Charlene, mkurugenzi wetu, Mmarekani mweusi mzaliwa wa papa hapa mjini, aliyejifunza Kiswahili darasani enzi za ujana wake akakijua kunishinda (sisi Wakenya tunasema "leta", yeye anasema "naomba unisaidie kuleta"). Nilipomuuliza, aliniambia, "Tuimalize warsha hii kwanza, Simiyu, kisha tutazungumza kuhusu barua yako." Kisha. Nililala na hilo "kisha" wiki mbili nzima. Kisha nini? Kisha tutazungumza namna gani?

Warsha yenyewe ilikuwa ya siku tatu, katika ukumbi mdogo wa kukodi mtaa wa Shaw, na wageni walikuwa ishirini kutoka pande mbili za Ziwa Tanganyika, Watanzania na Wakongomani. Kuna samaki wanayemgombania wote wawili, Watanzania wanamwita mgebuka na Wakongomani wanamwita mukeke, na tatizo ni kwamba anavuliwa akiwa mtoto, kabla hajataga hata mara moja, kwa hiyo kila mwaka anapungua. Walikuja kutia sahihi hati moja fupi: kwamba pande zote mbili zitakataa samaki aliye chini ya urefu fulani, urefu ule ule huku na huku. Kwa ajili hiyo shirika lilitengeneza rula nyeupe za plastiki, ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, zina picha ya samaki na mstari mwekundu. Samaki akifika mstari, unamchukua. Asipofika, unamrudisha majini. Siku ya kwanza nilitia rula moja kwenye kila mkoba wa mkutano kwa mikono yangu mwenyewe. Kumbukeni hapo, kwa mikono yangu.

Siku hiyo ya kwanza chakula cha mchana kilikuwa kile cha kawaida ya ofisi, mkate baridi wenye majani katikati. Mzee Bilali, mwenyekiti wa wavuvi wa mwalo mmoja, ufuko wa kushushia samaki, huko Kigoma, mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, aliufungua ule mkate, akayatazama majani, akaufunga tena taratibu kama mtu anayefunika kitabu kisichomfaa.

"Kijana wangu," akaniita, "sungura naye atakula wapi, ikiwa sisi tumekula chakula chake?"

Watu walicheka, na yeye mwenyewe alicheka. Mtu mwingine angecheka pia yakaisha. Mimi nilikwenda chooni nikafikiri. Nikafikiri kwenye treni. Kufika kituo cha Greenbelt nilikuwa nimeshajithibitishia kwamba wageni wale watarudi kwao wakisema Washington walinyimwa chakula, hati haitatiwa sahihi kwa sababu ya njaa, na "kisha" ya Bi Charlene itakuwa ni "kisha panda ndege".

Maagizo ya Bi Charlene yalikuwa wazi: siku ya pili kuku, kutoka kwa wale wale waliotuletea mkate. Lakini nikajiuliza, je, kuku huyo amechinjwa kihalali? Mzee Bilali ni Mwislamu, na Watanzania wengine kadhaa pia. Niwaulize wauza chakula? Wakisema ndiyo, nitajuaje? Ng'ombe hivyo hivyo. Maharagwe? Mgeni amevuka bahari umpe maharagwe? Na hapo ndipo likanijia wazo, na niliona nuru kabisa, jamani: samaki! Samaki hahitaji kuchinjwa. Samaki ndiye chakula chao. Nitawapa samaki wa ziwa lao wenyewe, huku ugenini, wataulizana amefikaje, na Bi Charlene atasema, huyu kijana anafikiri.

Ningeweza kumpigia simu nikamuuliza. Niliandika ujumbe, nikaufuta. Nikiuliza, ataona siwezi kuamua jambo dogo la chakula, na mtu asiyeweza kuamua jambo dogo anaandikiwa barua ya nini? Nikanyamaza. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo, niliufanya nikiwa nimesimama kwenye treni nimeshika chuma.

Anti Nekesa hakuhitaji kubembelezwa. Nilimkuta anavua viatu vya kazi.

"Wageni wangapi?"

"Ishirini, Anti. Na sisi wawili watatu."

"Wa heshima?"

"Sana."

"Basi usiniletee mambo ya vipande," akasema, tayari anavaa viatu tena. "Mgeni wa heshima hapewi kipande cha samaki. Ukimpa kipande ataanza kuuliza kichwa amekula nani. Pale kanisani nilikata samaki mara moja tu, ile harusi ya akina Wanjala, mama mmoja akapata mkia, na hadi leo akinisalimia ananisalimia kama mtu wa mkia. Kila mtu apate samaki wake mzima, na kichwa chake, na macho yake."

Mimi nimekulia Kitale, kwa mahindi na kuku. Habari za samaki nilizijua kwenye karatasi tu. Nilimwambia jina la samaki, nikampa hela za chakula za ofisi, na yeye akaendesha gari hadi Silver Spring, kwenye duka la vyakula vya kwetu ambalo kila kanisa la Waafrika hapa linalijua, akarudi na maboksi mawili ya samaki walioganda. Sikuyafungua. Nilikuwa mezani naandika upya vitambulisho, maana niliona herufi za vile vya kwanza zilikuwa ndogo na pengine zingemvunjia mtu heshima.

Asubuhi ya siku ya pili mambo yalikuwa makali kidogo ukumbini, si kelele, ila ule ukali wa watu wazima wanaoitana ndugu. Mzee Bilali alisimama kando ya picha kubwa ya mgebuka iliyokuwa ukutani, akaonyesha mstari mwekundu, akasema wavuvi wake wako tayari, lakini, "Sisi tukimrudisha majini, wenzetu wanamngoja ng'ambo na nyavu. Tutakuwa tunawafugia."

Mama Béatrice alimjibu bila kusimama. Huyu ni kiongozi wa wanawake wauza samaki wa Kalemie, upande wa Kongo, mama mpana, mtulivu, mwenye vitenge ambavyo havikurudiwa siku zote tatu. "Bon, Mzee," akasema, "na ile mukeke ya kidogo tunaonaka mu soko yenu ya Kigoma, ile ilifika na miguu?"

Basi ikawa hivyo hadi saa sita, kila upande unasema samaki mtoto anatoka upande wa pili. Bi Charlene alikuwa ameanza kukunjakunja kona ya daftari lake, jambo ambalo huwa halifanyi. Mwishowe akasema tutoke nje tupige picha ya pamoja kwenye ngazi, tupate hewa, tule, halafu tutie sahihi. Akanigeukia. "Simiyu, wewe baki upange chakula, tafadhali."

Anti alikuwa ameshaleta trei na kukimbilia kazini. Nikafunua karatasi ya trei ya kwanza. Harufu ilikuwa ya kulia machozi, nyanya na vitunguu na ndimu, na samaki walikuwa wamepangwa kichwa kwa mkia, kichwa kwa mkia, safi, wazima, na macho yao. Walikuwa wazuri sana. Na walikuwa wafupi sana.

Nilitazama samaki, nikatazama ile picha ukutani, nikatazama samaki tena. Nikachukua rula kutoka mkoba wa karibu, nikapima. Hakufika mstari. Hakukaribia. Nikampima wa pili. Nikapima wa tatu, kana kwamba wataona huruma wakajinyoosha. Trei mbili, samaki thelathini na zaidi, hakuna hata mmoja aliyepaswa kuwa nje ya maji. Kila mtu mzima wake, ndiyo, Anti alitimiza, lakini ili kila mtu apate mzima na trei ifunikike, alinunua watoto.

Mtu mwenye akili angetoka pale nje, akamvuta Bi Charlene pembeni, akasema, nimekosea, tuagize kitu kingine. Dakika moja. Mimi nilifikiri. Niwakate vipande wasitambulike? Visu vilikuwa vya plastiki. Niwazamishe kwenye mchuzi? Wangeelea. Niseme ni dagaa wakubwa? (Nililifikiria hilo kwa dhati, na Mzee Bilali amezaliwa ziwani.) Halafu akili yangu, iliyosomeshwa kwa jasho la ukoo mzima, ikaniambia: tatizo si samaki, tatizo ni rula. Pasipo rula hakuna kipimo. Toa rula.

Nikaanza kupita meza kwa meza. Mikoba ilikuwa imebaki vitini na nje nilisikia mpiga picha akiwapanga, warefu nyuma, mama sogea kidogo. Nilichomoa rula moja baada ya nyingine nikizitia ndani ya koti, chini ya kwapa, nilipofika kumi na tano nilikuwa natembea kama mtu aliyevunjika mbavu. Ya kumi na sita ilitoka. Ya kumi na saba ilikuwa chini kabisa ya mkoba mmoja, imekwama chini ya pochi na vitu vingine, ikabidi niingize mkono hadi kwenye kiwiko, nitoe kwanza pasipoti iliyokuwa juu, niishike, nivute.

"Mutoto."

Sauti haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Mama Béatrice alikuwa amerudi kuchukua mtandio wake kwa sababu ya baridi.

"Unatafuta nini mu sakoshi yangu?"

Nilitaka kusema "hakuna". Nikainua mikono juu, sijui kwa nini, labda nimeona sinema nyingi, na nilipoinua mikono, rula zote kumi na sita ziliporomoka kutoka ndani ya koti zikapiga sakafu moja moja, na zile plastiki zina mlio. Wale wa nje wakaingia kuona kimeanguka nini. Wote. Mimi nimesimama, mikono juu, mkono mmoja una pasipoti ya Kongo.

"Uko mwizi, ao uko nini?" Mama Béatrice akauliza, akiwa na hamu ya kweli ya kujua.

"Si mwizi, mama."

"Na pasipoti yangu iko naenda wapi?"

"Haiendi, mama. Inarudi."

Nikamrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu kamili, kana kwamba adabu ilikuwa imebaki. Bi Charlene alipenya katikati ya watu. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa na macho hayakutulia. "Simiyu," akasema, "eleza. Polepole, na kwa wote."

Nikaeleza. Shida yangu ni kwamba nikianza sijui kusimama, kwa hiyo nilianza na mkate, nikaja kwa sungura, nikapita kwenye kuku na kuchinja, nikaingia kwenye harusi ya akina Wanjala na yule mama wa mkia, na watu ishirini na wawili wakanisikiliza hadi nilipofika mahali pa kusema, "Kwa hiyo samaki waliopo mezani ni wadogo, na niliona kama mtawapima."

Hakuna aliyekuwa na nia ya kuwapima. Nilijua hilo baadaye. Walikuwa na njaa, wangekula. Lakini sasa Mzee Bilali aliinama, akaokota rula moja sakafuni, akaenda mezani, akafunua trei, akapima samaki kwa utaratibu, pua hadi mkia, kama anavyofanya mwaloni kwake kila alfajiri. Kisha wote wakaja. Watu wazima na rula zao juu ya chakula cha mchana. Mmoja alikuwa anaandika.

"Huyu hata mwaka hana," akasema Mzee Bilali. Akageuka. "Mama Béatrice, nadhani unamfahamu. Ni wa kwenu."

"Ya kwetu? Minaona hii kichwa, iko ya Kigoma kabisa."

"Ya Kigoma kwa alama gani?"

"Na ya Kalemie kwa alama gani? Mukeke haina pasipoti, Mzee." Akanitupia jicho. "Na heri yake, ingekuwa nayo huyu angeichukua."

Walicheka, lakini kicheko kilikatika upesi, kwa maana nyuma ya utani lile swali la asubuhi lilikuwa limerudi, na sasa lilikuwa na ushahidi mezani. Afisa mmoja wa upande wa Tanzania akasema haiwezekani kutia sahihi kabla haijajulikana samaki hawa walivuliwa upande gani. Afisa wa upande wa Kongo akakubali, kwa sababu zake. Nikamwona Bi Charlene anakunja kona ya daftari. Hati yote, miezi ya maandalizi, inakwama kwenye trei ya Anti yangu.

"Boksi," Bi Charlene akaniambia. "Yaliandikwa nini maboksi?"

Nikamwambia maboksi anayo Anti, wa Laurel. Nikampigia Anti, na Bi Charlene akasema niweke sauti wazi wote wasikie. Nikaweka. Nilijaribu kusema "Anti, uko mbele ya watu", lakini Anti Nekesa hangoji mtu kwenye simu.

"Simiyu! Wamekula? Wamesema nini? Umemwambia huyo mama mambo ya barua? Mwambie saa hii wakiwa wameshiba! Na akikunyima mwambie nitakuja hapo mwenyewe na sare yangu ya kazi, atanieleza nimesomesha mtoto wa kaka yangu ili aje arudi Kitale kupiga picha na cheti!"

Ningeomba sakafu ipasuke, ila ukumbi ulikuwa juu ya duka la kunyoa nywele. Bi Charlene akaisogelea simu. "Shikamoo, Bi Nekesa. Huyo mama ndiye mimi."

Halafu Anti, kwa sauti ya kanisani, akasema, "Marahaba, mwanangu. Mungu ni mwema."

Alikuwa ameyatupa maboksi kwenye gari akitaka kuyapeleka kwenye jaa la karatasi, kwa hiyo alitoka nje akatusomea. Nchi iliyoandikwa wala haipakani na ziwa lile. Samaki alivuliwa upande mmoja au mwingine, akapita mikononi mwa watu, akafungwa mahali pengine kabisa, akagandishwa, akafika. Mzee Bilali na Mama Béatrice walitazamana. Hakuna aliyeshinda.

"Mama," Mzee Bilali akaiambia simu, "huyo mwenye duka hakuwa na wakubwa?"

"Alikuwa nao! Wakubwa walikuwepo wamejaa. Mimi ndiye niliwakataa, ningewakata? Nikamwambia nipe wadogo, kila mtu apate mzima. Akaniambia hao ndio wanakwenda haraka, anaagiza hao zaidi, maana makanisa yote yanataka hao hao, harusi, matanga, kila kitu. Kwani wana shida gani, hawakuiva?"

"Wameiva, mama. Wameiva sana."

Nikakata simu. Mzee Bilali akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

"Mimi naamka alfajiri kukimbizana na wavuvi wangu," akasema. "Huyu mama anagombana na wanawake wenzake sokoni. Kumbe mvuvi mwenyewe tunayemtafuta yuko Laurel."

Hapo walicheka hadi mpiga picha ambaye hajui Kiswahili akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu moyoni siku zilizobaki kufika mwisho wa mwezi. Mama Béatrice akavuta kiti, akagonga kile cha pembeni yake.

"Kuya hapa. Ikala. Utakula hii mukeke karibu na mimi, na sakoshi yangu nitaweka hapa kwa miguu. Samaki imekufa, kuitupa ni kosa ya pili."

Tukala. Watu wote walikula samaki wale, wazima, na vichwa vyao, kimya kimya, maana samaki mdogo ana miiba mingi na hakuna anayeweza kubishana huku anachambua miiba. Nadhani hilo lilisaidia. Walipomaliza, badala ya kurudi kwenye upande gani na upande gani, walikaa saa mbili wakiongeza kifungu kwenye hati, kwamba hawatapima mwaloni tu, watawaomba pia wanaonunua mbali wadai kuandikiwa kwenye boksi samaki alivuliwa wapi, na wakatae walio chini ya mstari. Jioni wakatia sahihi. Kila aliyepita karibu yangu akiondoka alishika mkoba wake kwa mikono miwili, kwa utani. Nadhani ni kwa utani.

Ijumaa Bi Charlene aliniita ofisini. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikuwa nimelala, nilikuwa nimeandaa maneno ya kujitetea ya kurasa mbili. Hakunipa nafasi ya kusoma hata mstari.

"Samaki ningekusamehe siku ile ile," akasema. "Ulitaka kuwakirimu wageni, hukuuliza, ukakosea. Wanaofanya kazi hukosea. Lakini mkono wako uliingia kwenye mkoba wa mgeni wangu, Simiyu. Kwa ajili ya kuficha. Mama Béatrice amekuombea msamaha, na Mzee Bilali pia, wakiwa wanacheka. Mimi sicheki. Nilikuwa nimekusudia barua ya mwaka mzima. Nitakuandikia ya miezi mitatu."

Miezi mitatu. Sikujua kama nifurahi au nilie, nikafanya vyote kidogo kidogo, nikatoka. Ndani ya miezi hiyo kazi yangu imekuwa kuzunguka maduka ya vyakula vya kwetu na majiko ya makanisa nikiwaomba watu wasinunue samaki watoto, na kanisa la kwanza nililopangiwa lilikuwa letu, mbele ya akina mama wote, Anti Nekesa amekaa mstari wa mbele amekunja mikono. Yule mama aliyepata mkia aliniunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nimeapa, na ninaapa tena mbele yenu, kwamba sitaficha kosa tena. Si kwa sababu nimekuwa mtu mwema ghafla, bali nimeona hesabu yake: kosa la kwanza lilikuwa trei mbili za chakula, na la kuficha lilinipunguzia miezi tisa. Nikikosea nitasema hapo hapo, kabla akili haijaniletea wazo.

Wiki iliyopita nilimtumia afisa mmoja barua yenye tarehe isiyo sahihi. Niligundua saa nne kasoro, na saa nne kasoro hiyo hiyo nilikuwa mlangoni kwa Bi Charlene, napumua kama nimepanda ngazi. Nikamwambia. Akasema, "Asante. Mtumie nyingine," akarudi kwenye chai yake.

Nikabaki nimesimama pale mlangoni nikingoja sehemu iliyobaki. Haikuwepo.